Ubavu wa Kulia

Bi Sikudhani alimfunga kamba ng'ombe wake, ambaye wote walidhani ni tasa, akamkabidhi Kitwana mchinjaji.

"Usimpige njiani, mwanangu," alisema, sauti ikimkatika.

Kitwana alimpapasa mnyama kama kawaida yake: kushoto, palipojaa majani aliyokula, kisha kulia, nyuma ya mbavu. Hapo mkono ukasimama. Kitu kigumu kama kwato ndogo kilimsukuma kutoka ndani.

"Mama, njoo uguse hapa."

Bi Sikudhani aliweka kiganja, akangoja. Alipopigwa teke alishtuka, kisha akacheka huku machozi yakimtoka.

"Kumbe umo!" alinong'ona.

Kitwana aliifungua kamba. Ng'ombe akainamia majani, naye Bi Sikudhani akapiga magoti kando yake, sikio kaliegemeza tumboni.