Mafuta ya Mzee

"Nipe tena mafuta ya nyonyo, Bi Loftus," Tapscott alisema. "Chupa kubwa."

Ilikuwa chupa ya sita mwezi huo. Bi Loftus, mwenye duka la dawa, akamtazama kwa huruma.

"Mzee bado?"

"Bado. Asubuhi kakaa tu ananguruma. Halafu akatoka kwa kishindo, tukashtuka wote."

"Maskini. Na ukimpa mafuta?"

"Anateleza. Nisipompa, anakaza. Katikati hakuna."

"Mchemshie plamu zilizokaushwa, zinalainisha."

Tapscott akacheka. Katika mji wote wa Coventry siku hizo kila mtu alikuwa na ushauri wake kuhusu magari.

Mzee lilikuwa gari la kwanza la karakana yao, ambayo mpaka mwaka juzi ilitengeneza baiskeli. Walilipa jina hilo kwa sababu ya kikohozi chake. Shida ilikuwa klachi: koni ya chuma iliyovishwa ngozi, inayojisukuma ndani ya gurudumu la injini ili gari livutwe. Ngozi ikikauka inang'ata ghafla, gari linaruka. Ukiipaka mafuta ya nyonyo inateleza, injini inapiga kelele na gari limesimama palepale. Tapscott alishachonga koni kumi na moja, kila moja na pembe yake.

"Jumamosi mke wangu anapanda nalo kilima," Bwana Gadsby, mwenye karakana, alimwambia Tapscott. "Kofia yake ikianguka tena, sisi tunarudi kwenye baiskeli na wewe unarudi kwa mama'ko."

"Kofia yenyewe ina ndege watatu wa mapambo, bosi. Hata kanisani inaanguka."

"Jumamosi, Tapscott."

Basi akachonga ya kumi na mbili, akapunguza pembe kidogo tu, akaipaka mafuta ya ile chupa mpya, ya sita. Mzee akaondoka taratibu kama mtu anayetoroka mahubiri. Tapscott hakuamini. Akarudia mara thelathini.

Jumamosi Bi Gadsby alipanda kilima chote, akashuka, na ndege wote watatu wako kichwani.

Gadsby hakusema asante, hakuwa mtu wa hivyo. Alichukua mchoro wa koni ya kumi na mbili, akaugongelea misumari ukutani, akaagiza magari hamsini. Zile koni kumi na moja zikayeyushwa.

Klachi zote hamsini Tapscott alizipaka kwa mkono wake, kwa chupa za Bi Loftus. Chini ya kila kiti Gadsby akaweka chupa ya mteja, nyonyo safi iliyonunuliwa kwa pipa London, na karatasi: paka kila wiki, usikose.

Siku magari yalipopakiwa treni kwenda Uskoti, kwenye milima, Tapscott alipita dukani kushukuru.

"Mzee anaendeleaje?" Bi Loftus akauliza.

"Mzima kabisa. Tangu ile chupa ya sita hajasumbua hata siku moja. Kilima anapanda bila shida."

"Kilima?" Bi Loftus akashika kifua. "Basi sasa naweza kukwambia, baba, usinikasirikie. Nyonyo ni kali mno kwa tumbo la mtu wa umri wake. Tangu ile ya sita nilikuwa nakuwekea mafuta ya zeituni na asali."