Mezani na Baba Sengi

Siku hizo, aliyetaka kuonana na marehemu wake alimfuata hotelini. Nyamizi aliuza ng'ombe wake wa mwisho ili ale chakula cha jioni na mumewe, Shigela.

Ugali uliletwa umepoa. Nyamizi hakujali. Alifumba macho akingoja mumewe aombe, kama alivyoomba kila mlo wa ndoa yao.

"Karibu, mgeni wetu," Shigela akasema kwa sauti yake ileile. "Jisikie upo nyumbani."

"Baba Sengi, hatujaomba."

"Karibu, mgeni wetu."

Mhudumu alipoitwa aliinamisha kichwa. "Samahani, mama. Sala ni ya waliolipia vyumba vya juu."

Nyamizi akaomba peke yake, akaondoka bila kula.

Nyumbani alipiga magoti, akajaribu kukumbuka jinsi mumewe alivyokuwa akiomba.

"Karibu, mgeni wetu," sauti ya mumewe ikamjia kichwani. "Jisikie upo nyumbani."