Glasi ya Elikana

Jumanne, tarehe tisa Machi, asubuhi ya manyunyu. Mwanaidi aliweka mche wa nyanya ulionyauka mbele ya Elikana, aliyesomea magonjwa ya mimea na kujitolea kuwasaidia wakulima sokoni.

“Jirani yangu Tatu ana jicho baya. Alizisifu nyanya bila kusema mashallah, zikanyauka. Nimemfukuza kwangu.”

“Tungoje maji yatuambie, mama.”

Elikana alikata shina, akalichovya kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukashuka taratibu.

“Ni bakteria, wamo udongoni. Ng’oa miche yote, uichome.”

“Kumbe jicho la Tatu linaishi udongoni,” mtu alitania kwenye foleni.

Mwanaidi hakucheka. Aliitazama glasi ikijaa ukungu mweupe.

“Nyote ni mashahidi,” alisema. “Sing’oi hata mche mmoja kabla sijamwomba Tatu radhi.”