Ramani ya Kelele

Wakazi wengi wa mji ule walikubali simu zao zipime kelele popote walipo, na vipimo vyote vikaingia kwenye ramani moja, kila simu ikiwa nukta, bila majina ya wenyewe. Penye kelele palikuwa pekundu, penye sauti ya kadiri manjano, penye utulivu kijani. Mhandisi Kilonge, msimamizi wa ramani, hakuhitaji jina ili kuijua simu ya mkewe, Zamda. Iliwahi kutumbukia kwenye beseni la mihogo, na tangu hapo nukta yake ilitetemeka hata penye ukimya.

Alasiri ile nukta hiyo ilitua kando ya mto, ubavuni mwa nukta nyingine.

"Utaitoboa skrini hiyo kwa macho," alitania Bi Mwanakombo, mwenzake wa ofisini.

Kilonge akampigia mkewe.

"Niko sokoni, baba Subira."

"Mbona kimya?"

"Leo soko limepoa."

Kwenye ramani soko lilikuwa jekundu kama pilipili. Kilonge hakubisha, maana alikuwa ameona jambo jingine. Kila alipozungumza yeye, Zamda akiwa kimya, ile nukta ya pili iligeuka manjano. Sauti ya Kilonge ilikuwa ikitoka kwenye spika ya simu ya Zamda, na mtu wa pili alikuwa akiisikia.

Kipimo kimoja si ushahidi, kwa hiyo akarudia.

"Zamda," aliita taratibu.

Manjano.

Simu ikakatika. Nukta ile ya pili ikapanda hadi nyekundu na kubaki hapo, na ramani haikuwa na rangi ya kutofautisha kicheko na kilio.