Mahali, Kina na Rangi

Merle Haugdahl alizama chini ya barafu Jumamosi asubuhi, kwenye mlango wa mto unaoingia Ziwa Kettle, na mji mzima ulijua ni nani aliyemwelekeza pa kuvua.

Wazima moto walimtoa mchana kwa kamba na ngazi. Mlangoni mwa mto maji hayatulii, na barafu ya Machi huliwa kutoka chini. Juu inabaki nyeupe, unaiona imara. Lakini samaki nao hupenda kujazana karibu na hapo, na mtu mwenye ndoo tupu huangalia samaki kabla ya kuangalia barafu.

Jumanne walimzika. Baadaye watu walijaa jikoni kwa mjane wake, Joyce, na mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga. Orrin, kaka mkubwa wa Merle, alisimama karibu na mlango, koti bado mwilini. Hakuna aliyempa kahawa.

Ndugu hawa wawili walidanganyana kuhusu samaki kwa miaka thelathini. Pale Ziwa Kettle hakuna anayesema kweli kuhusu samaki, lakini hawa walidanganya kwa moyo wote. Orrin alikuwa akijaza ndoo samaki kwa chambo cheupe, kisha anakikata, anafunga cha kijani na kupita mbele ya kibanda cha Merle pale barafuni, chambo kikining'inia. Merle naye siku moja alimwelekeza kaskazini, Orrin akatoboa barafu kutwa juu ya matope matupu, mwenzake akimtazama kwa darubini na kunywa kahawa. Kila mmoja alijua anachezewa, na bado walicheka pamoja jioni ile ile, samaki wakiwa kikaangioni.

Majira haya ya baridi Merle hakucheka. Kiwanda cha mbao kilimwachisha kazi, na ziwa nalo likamnyima.

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya kuzama, alikwenda karakana ya Orrin. Orrin alikuwa anatengeneza jigi: ndoana ndogo kama kucha ya mtoto, yenye kichwa cha madini ya risasi na mkia wa manyoya. Merle akamwaga zake mezani.

Orrin akainua moja kwenye taa. "Hii umeifunga wewe au imetapikwa na paka?"

"Inavua."

"Inavua nini? Kichwa kama kitasa cha mlango! Samaki krapi wa maji baridi ni mvivu, bwana. Anataka kitu kinachoshuka taratibu, kama kinakata roho. Hii yako inamdondokea utosini, anakwenda kukushtaki polisi."

Merle akacheka, mabega yakamtikisika. Orrin hakuwa amemwona hivyo tangu vuli.

Akabana ndoana mpya kwenye jiliwa. Alichagua kichwa chepesi kuliko vyote alivyokuwa amemimina kwenye kalibu, akazungusha uzi, akalaza manyoya machache tu, akalamba kidole na kuyanyoosha. Akafunga nyingine, na nyingine. Wakati rangi inakauka, Merle aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akipasha mikono kwenye jiko.

"Haya, kaka," akasema. "Wapi?"

Orrin akamwambia. Mahali, kina, rangi. Alisema yote bila kuinua macho.

Merle alimtazama kitambo, kisha akaipiga meza kwa kiganja. "Wewe mzee huna haya hata chembe!" Akazitia jigi mfukoni. "Kesho jioni njoo kwangu. Na njaa uje nayo mwenyewe."

Asubuhi Orrin alikuwa zamu, anasukuma theluji barabarani, simu ilipoita.

Sasa, jikoni, Joyce alikuja akasimama mbele yake. Mtu mmoja akasema, "Achana naye, Joyce," naye hakugeuka.

"Shemeji, nikuulize mbele ya watu?"

"Uliza."

"Alhamisi nilikupigia simu. Nikakwambia Merle kila siku anarudi na ndoo tupu, hali, hasemi, anakaa tu anatazama ukuta. Nikakuomba mchezo wenu muuache. Safari hii moja umwambie kweli, arudi na kitu, ajione mtu. Nilikuomba, sikukuomba?"

"Uliniomba."

"Ukaniambia sawa, nitamwambia."

"Nilisema hivyo."

Joyce akasogea hatua moja. "Mimi silali, Orrin. Kila usiku najiuliza kama ningekaa kimya, ningemwacha tu na ndoo yake tupu. Kwa hiyo niambie. Ulimwambia kweli?"

Orrin alimtazama usoni. Macho yalikuwa mekundu, na chini yake ngozi imevimba. Alikuwa ameishika sufuria tupu bila kujua ameishika.

"Hapana," akasema. "Nilimdanganya. Mazoea tu, Joyce. Wewe huhusiki."

Joyce aliweka sufuria chini, akafungua mlango, baridi ikaingia mpaka mezani.

"Toka," akasema. "Na nyumba hii usiikanyage tena mpaka nife."

Orrin akatoka. Ndani ya pikapu alikaa na funguo mkononi, hakuwasha.

Ijumaa ile alimwambia mdogo wake hivi: nenda kwenye matete ya mashariki, futi nane, jigi ya rangi ya waridi, na mlangoni mwa mto usikanyage, barafu imeoza. Kila neno lilikuwa kweli, na Merle, kwa mazoea ya miaka thelathini, aligeuza kila neno kinyume. Alikuwa na mdogo wake mmoja na shemeji mmoja, na sasa hakuwa na yeyote.