Ukurasa wa Pili wa Historia ya Timu

Mgeni rasmi alipojitambulisha kuwa ni afisa uhamiaji, aliyekuja badala ya diwani, jasho lilimtoka Aimable mpaka kwenye soksi.

Historia ya timu aliyokuwa akiwasomea watu uwanjani kwenye kipaza sauti, miaka thelathini ya kupanda na kushuka, hasa kushuka, aliiandika Aimable mwenyewe, katibu mwenye mdomo. Ukurasa wa kwanza uliwavunja watu mbavu. Wa pili ulimhusu baba yake, na ungetosha kumrudisha mzee ng'ambo ya mpaka.

"Mkuu, jua kali," alinong'ona. "Huko mbele ni orodha ya vipigo tu. Tuwape washindi kombe lao, watu wakale."

"Subiri, kijana. Imeninogea."

Afisa alilamba kidole, akafunua. Kucha yake ndefu ilifuata mstari polepole, kama konokono.

"'Golikipa wetu wa kwanza alivuka Mto Kagera bila kibali, kabeba mpira wa majani ya migomba. Kitambulisho alichonacho hadi leo ni makovu ya magotini.'"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Afisa hakucheka. Kucha ilibaki palepale, chini ya neno "kibali".

"Golikipa huyu bado yupo?" aliuliza kwenye kipaza sauti.



Kwenye benchi la wazee, baba yake, ambaye kabla ya leo hakuwahi kutajwa mbele za watu hata siku moja, alivua kofia, akasimama huku akitabasamu, na kuanza kukunja suruali hadi juu ya magoti.