Kapsuli Zisizolingana Uzito

Karatasi ya kung'aa inayoziba mdomo wa chupa ilikuwa imebanduliwa, kisha ikarudishwa kwa gundi. Macho mengine yasingeona. Yake yaliona, maana kwa miaka kumi na moja binti huyu alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha sabuni, na wenzake walikwisha kumpachika jina la Darubini.

Chupa ilikuwa ya baba yake: virutubisho vya mitishamba, kapsuli mbili asubuhi na mbili jioni. Mzee alizipenda kuliko chakula. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, na miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vikakataa. Sasa uvimbe ulipoanza kushuka, sifa zote aliimwagia chupa ile. Daktari na vidonge vyake vya presha hawakupata hata asante.

Aliyepokea chupa hizo kwa mchuuzi mlangoni ni mama mdogo, mke aliyeolewa na baba miaka mitatu baada ya mama yake Darubini kufariki. Darubini hakuwahi kumwamini. Mwanamke gani huficha chumvi, mume akala mboga chapwa kama mfungwa? Mwanamke gani hujifungia chumbani saa tisa mchana, kisha akatoka na unga chini ya kucha, na jikoni hakuna aliyekanda kitu? Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

Kazini alifundishwa kwamba shaka bila kipimo ni umbea tu. Akachota kapsuli kumi, akazifunga kwenye leso, na kesho yake akazipandisha moja moja kwenye mizani ya maabara ya kiwanda. Kapsuli zilizojazwa na mashine hulingana. Hizi kila moja ilikuwa na uzito wake. Zilikuwa zimejazwa kwa mkono.

Akafungua moja. Ndani mlikuwa na unga mweupe pe. Akafungua nyingine, na nyingine, akaukoroga unga huo kwenye kikombe cha maji ya moto, ukawa uji. Uji wa ngano, bado sukari tu.

Alipotoka kazini alipitia duka la dawa, akanunua chupa ya jina lilelile. Hii aliikagua kama shehena nzima: lakiri haijaguswa, namba ya toleo ipo, tarehe ya kuisha muda iko mbali, anwani ya mtengenezaji inasomeka. Hata yale maandishi madogo ya onyo, kule chini kabisa, aliyapitishia kidole kuona kama wino unachujuka. Haukuchujuka. Kapsuli zilikuwa na uzito mmoja, na ndani yake unga wa kahawia wenye harufu kali. Huo ndio mzigo halisi, akasema moyoni.

Basi mambo yakawa wazi kwake. Mama mdogo alikuwa anakomba dawa ya mzee na kuiuza pengine, huku mwenye dawa akilishwa ngano mbichi. Au alikuwa na haraka ya kuirithi nyumba. Vyovyote vile, baba alikuwa anauawa taratibu na mtu anayemtandikia kitanda.

Kiwandani kitu kibovu huondolewa kwanza, maswali hufuata. Darubini aliifungia chupa ya zamani kabatini kwake, akaitia mpya mkobani, akamnong'oneza baba kwamba kuanzia leo atameza kutoka mkononi mwake tu. Mzee akacheka, akasema ni bahati kubwa uzeeni kugombewa na wanawake wawili.

Kwa siku tisa alimpa bila kukosa. Siku ya tisa viatu vilikataa tena, na asubuhi uso wa baba ulikuwa umeumuka. Darubini alishikwa na hofu. Ni madhara gani yale yaliyomwingia mzee miezi yote, hata dawa halisi ikashindwa kuyaondoa? Hakuwa na mzazi mwingine. Hakuwa tayari kumzika huyu kwa sababu tu ya kuogopa ugomvi.

Mchana huo alimfuata mama mdogo jikoni. Baba alikuwa sebuleni, redio ikimpigia kelele. Darubini aliweka mezani chupa zote mbili na daftari la vipimo, akaeleza kila alichokiona, kuanzia gundi hadi uji. Alitarajia machozi au matusi. Mama mdogo alizima jiko, akafuta mikono, akalisoma daftari mpaka mstari wa mwisho.

"Umepima vizuri," akasema. "Ni mimi. Kila chupa ikija naifungua, namwaga kilichomo chooni, nazijaza ngano."

"Kwa hiyo unakiri, mama mdogo."

"Nakiri. Daktari alituambia figo zake zimebaki kidogo sana, na kinachozimaliza ni huo unga wa kahawia. Baba yako akaniapisha nisikwambie. Na chupa yake akakataa katakata kuiacha. Sasa ningefanyaje?"

Mama mdogo akanyoosha mkono, akaichukua ile chupa mpya, akaitikisa karibu na sikio. Akaifungua, akachungulia ndani. Zilikuwa zimebaki chini ya nusu.

"Mwanangu," akauliza polepole, "zile nyingine amemeza nani?"